Chipu, chapa, GPS au kamera: mmiliki mpya wa farasi aanze na kipi?

Wengi wanaonunua farasi kwa mara ya kwanza huamini kwamba wakishamwekea chipu, wataweza kumtafuta kwenye simu siku akipotea. Hawataweza. Chipu inayodungwa shingoni inaeleza farasi huyu ni nani, basi. Kifaa cha GPS kinaeleza yuko wapi. Kamera ya bandani inaonyesha anafanya nini usiku wakati umelala. Ni maswali matatu tofauti, na matangazo ya biashara huyachanganya mpaka mtu analipia kifaa cha kujibu swali ambalo hakuwa nalo, huku lile lililomsumbua likibaki vilevile.

Kwa hiyo nimelinganisha vifaa hivi kwa kufuata swali ambalo kila kimoja kinaweza kulijibu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: chipu yenye kumbukumbu sahihi inatangulia vyote. Vilivyobaki vinategemea farasi uliye naye na mahali anapolala.

Chipu ina nini ndani

Ni kipande cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba na saketi ndogo iliyohifadhi namba moja tu. Haina betri. Skana inapokaribia, mawimbi yake huipa chipu nguvu ya kutosha kuirudisha ile namba, kisha chipu inanyamaza tena. Ndiyo maana inasomwa kwa umbali wa sentimita chache, na ndiyo maana inaweza kudumu maisha yote ya farasi bila kuchajiwa wala kubadilishwa.

Namba hiyo, kwa chipu zinazofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, ina tarakimu 15 na husomwa kwa mawimbi ya kilohezi 134.2. Tarakimu tatu za mwanzo huwa ni msimbo wa nchi, kama 826 ya Uingereza, au msimbo wa mtengenezaji ukianzia na 9. Chipu za zamani, hasa zile zilizouzwa Marekani, zilitumia kilohezi 125 na namba fupi za tarakimu 9 au 10. Skana isiyozijua inaweza kupita juu ya farasi mwenye chipu na kusema hana kitu. Ukiambiwa farasi mkubwa kiumri hana chipu, uliza kwanza skana iliyotumika inasoma aina zipi.

Kwa kawaida chipu huwekwa na daktari wa mifugo upande wa kushoto wa shingo, katikati ya utosi na mabega, chini kidogo ya mstari wa manyoya marefu ya shingo, ndani ya ule ukano mpana unaobeba uzito wa kichwa. Nyama ya hapo haichezi sana, hivyo chipu hutulia. Sindano yake ni nene kuliko ya chanjo, lakini farasi wengi huvumilia bila dawa ya kutuliza. Daktari makini humpima farasi kwa skana pande zote mbili za shingo kwanza, asije akamwekea chipu ya pili juu ya ya zamani. Kisha huisoma chipu ikiwa bado kwenye pakiti, huidunga, na huisoma tena ikiwa ndani. Simama pale uone hatua hizo zikifanyika. Farasi mwenye namba mbili ataleta mkanganyiko katika kila karatasi atakayoandikiwa.

Namba bila kumbukumbu

Hapa ndipo wamiliki wapya wengi huanguka. Chipu haina jina lako, haina simu yako, haina jina la farasi. Anayemwokota farasi atasoma tarakimu 15, kisha itabidi azitafute kwenye hifadhidata. Kama hifadhidata inamtaja mtu aliyemuuza miaka mingi iliyopita na simu yake haipatikani tena, wewe umekaa na farasi ambaye kwenye maandishi si wako.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Louisiana, Marekani. Jimbo hilo lilikuwa limeshaweka sharti la utambulisho wa kudumu kwa farasi wanaopimwa ugonjwa wa EIA, ule wa upungufu wa damu unaoambukizwa na inzi wanaouma. Kilipopiga kimbunga Katrina mwaka 2005, farasi waliookolewa kwenye maji waliweza kurudishwa kwa wenyewe kwa sababu namba zilisomeka na palikuwa na pa kuzitafuta. Sharti lililotungwa kwa ajili ya ugonjwa likaja kufaa kwenye mafuriko.

Nchi nyingine zimefanya chipu kuwa lazima. Kwenye Umoja wa Ulaya farasi wanaotambulishwa kwa mara ya kwanza wamehitaji chipu tangu Julai 2009, pamoja na pasipoti ya farasi, yaani hati ya utambulisho wake. England, sehemu ya Uingereza, iliwaingiza hata farasi wa zamani kwenye sharti hilo tarehe 1 Oktoba 2020. Nchini Marekani, The Jockey Club, inayosajili farasi wa mbio aina ya Thoroughbred, inadai chipu kwa watoto wa farasi waliozaliwa kuanzia mwaka 2017. Mahali unapoishi kunaweza kuwa na sheria yake; ofisi ya mifugo au chama cha wafugaji ndio wa kuulizwa.

Kuna sababu nyingine ambayo mnunuzi wa farasi wa kupanda huenda asiifikirie: dawa. Phenylbutazone, dawa ya maumivu inayotumika sana kwa farasi, hairuhusiwi Ulaya kwa mnyama atakayeliwa na binadamu. Mwaka 2013, nyama ya farasi ilipogunduliwa Ulaya ndani ya vyakula vilivyoandikwa ni ng'ombe, swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa kama farasi wale waliwahi kupewa dawa hiyo. Chipu inayolingana na pasipoti ndiyo inayoifunga historia ya dawa kwa mnyama mwenyewe, ili karatasi ya farasi mmoja isitumiwe kwa mwingine.

Chipu ikilinganishwa na chapa

Chapa ina faida moja ambayo chipu haitakuwa nayo kamwe: inaonekana. Mwizi anayesogelea uzio usiku haioni chipu. Chapa kubwa nyeupe mgongoni au shingoni anaiona, na mnunuzi wa magendo naye ataiona.

Chapa ya moto ndiyo ya kale zaidi. Inaunguza ngozi na kuacha kovu. Inauma, na kovu lenyewe mara nyingi halisomeki vizuri farasi akiota manyoya mazito. Kwa mtu mwenye farasi mmoja au wawili sioni sababu ya kuichagua leo.

Chapa ya baridi ni jambo jingine. Ilibuniwa na Dkt. R. Keith Farrell wa Chuo Kikuu cha Washington State katika miaka ya 1960. Chuma hupoozwa kwa naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha hubanwa kwenye ngozi iliyonyolewa kwa sekunde chache. Baridi hiyo huua seli zinazotia rangi nywele, hivyo manyoya yanapoota tena baada ya wiki kadhaa huja meupe. Kwa farasi mweusi au wa kahawia matokeo husomeka kutoka mbali. Kwa farasi mweupe au wa kijivu chuma hushikiliwa muda mrefu zaidi ili kuua shina la nywele lenyewe, na chapa hubaki kama ngozi tupu ambayo ni ngumu zaidi kusoma. Ukiwa na farasi wa kijivu, basi, nusu ya faida ya chapa hii imeshapotea kabla hujaanza.

Serikali ya Marekani hutumia chapa ya baridi kwa farasi pori wanaosimamiwa na Bureau of Land Management. Huwekwa upande wa kushoto wa shingo kwa alama za pembe, yaani mistari inayokutana kwenye kona, badala ya tarakimu za kawaida. Tarakimu ya kawaida ni rahisi kuichezea, 3 ikawa 8. Alama za pembe ni vigumu kuzigeuza.

Tatuu ndani ya mdomo wa juu ilitumika kwa farasi wa mbio wa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Hufifia kwa umri, na kuisoma kunahitaji farasi akubali mdomo wake ukunjuliwe. Ukinunua farasi aliyestaafu mbio unaweza kuikuta, na ni kidokezo kizuri cha asili yake, lakini usiitegemee peke yake.

Nikiulizwa nichague kati ya chipu na chapa ya baridi, nitasema chipu, kwa sababu namba yake haina ubishi na ndiyo inayokubaliwa kwenye pasipoti, mashindano na mipaka. Farasi wa rangi nyeusi au kahawia anayelala kwenye malisho ya mbali na watu, katika eneo lenye wizi wa mifugo, anastahili vyote viwili. Moja inamzuia mwizi, nyingine inathibitisha mbele ya polisi. Na vyovyote utakavyochagua, piga picha za farasi pande zote nne, alama nyeupe za usoni na miguuni, na ile mizunguko ya manyoya kwenye paji la uso na shingoni. Mizunguko hiyo hubaki vilevile tangu utoto hadi uzee, na kuipiga picha ni bure.

Kumtafuta farasi: GPS na vibandiko vya Bluetooth

Kifaa cha GPS hupokea mawimbi ya setilaiti kujua kilipo, halafu hukutumia habari hiyo kwa njia ya mtandao wa simu. Hivyo kinahitaji vitu vitatu kwa pamoja: anga iliyo wazi, mtandao unaoshika, na betri yenye chaji. Kimoja kikikosekana, ramani inaganda. Ndani ya lori la chuma mawimbi ya setilaiti hudhoofika, na wakati huohuo ndipo unapokihitaji zaidi. Kifaa kikituma habari mara nyingi, betri huisha mapema. Kikituma mara chache, farasi anaweza kuwa ameshavuka kijito kabla hujaarifiwa.

Kinafaa sana kwa farasi anayeruka uzio, anayelala kwenye malisho makubwa yenye vichaka, au anayesafiri safari ndefu za kupandwa. Unaweza kuchora mpaka kwenye ramani na kupata taarifa akiuvuka. Hakifai sana kwa farasi anayelala bandani na kushinda kwenye uwanja mdogo. Huyo hitaji lake ni kufuli nzuri ya lango.

Vibandiko vidogo vya Bluetooth, kama AirTag, huvutia kwa sababu ni rahisi na betri yake hudumu miezi. Lakini kibandiko hicho hakijui kilipo. Husubiri simu ya mtu mwingine ipite karibu, simu hiyo ndiyo inayoripoti. Mjini kinafanya kazi vizuri. Kwenye malisho yasiyopitwa na watu hakina wa kukisemea. Ukitaka kukitumia, kiweke kwenye tandiko au kwenye lori la kubebea farasi, vitu vinavyoibiwa mara nyingi na kupitishwa barabarani.

Swali la kukifunga wapi lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Farasi aliyevalishwa mkanda imara shingoni au hatamu kichwani anaweza kunasa kwenye tawi, nguzo au kwato yake mwenyewe anapojikuna, akavunjika shingo akijitoa. Mkanda wowote wa malishoni uwe ule unaokatika ukivutwa kwa nguvu. Wapo wanaokisuka kifaa kwenye manyoya ya shingo, na hiyo ni salama zaidi, ingawa kitadondoka mara kwa mara. Na mwizi mzoefu hukivua kifaa dakika ya kwanza. Hapo chipu ndiyo inayobaki na farasi.

Chipu inayopima joto, na kipimajoto cha kawaida

Kuna chipu zinazotoa namba na joto la mwili kwa pamoja zinaposomwa na skana yake maalumu. Zinavutia. Farasi mzima huwa na nyuzi kati ya 37.5 na 38.5 za Selsiasi, na kupanda kwa joto mara nyingi hutangulia dalili nyingine za maambukizi. Kwenye shamba lenye farasi wengi, ugonjwa wa kuambukiza ukiingia, kupima kila mmoja kwa sekunde mbili bila kumgusa mkia ni faida kubwa.

Kwa farasi mmoja siioni faida hiyo. Chipu iko shingoni, karibu na ngozi, hivyo jua kali au mazoezi hubadilisha inachosoma. Kipimajoto cha kawaida cha njia ya haja kubwa ndicho ambacho daktari wako atauliza kimesoma ngapi. Nunua hicho, mzoeze farasi kupimwa akiwa mzima, na uandike joto lake la kawaida la asubuhi na la jioni. Ukishaijua kawaida yake, nyuzi 38.6 utaisoma tofauti kabisa. Kama unaweka chipu kwa mara ya kwanza na ile ya joto inapatikana bila tofauti kubwa ya gharama, ichukue kwa amani, mradi inafuata kiwango kilekile cha ISO.

Kamera ya bandani

Baada ya chipu, kifaa ambacho ningekinunua mimi kwa mmiliki mpya ni kamera inayoona gizani. Msokoto wa tumbo ndio hatari inayomwinda kila farasi, na dalili zake ni mwenendo: kuparua chini kwa kwato, kugeuka kutazama ubavu, kulala na kuinuka tena na tena, kujiviringisha, kuacha nyasi. Mgeni wa farasi akiziona mchana peke yake hajui kama ni tabia tu. Akiwa na picha za usiku wa siku nyingi atajua farasi wake hulala saa ngapi na hula vipi, na usiku wenye tofauti utajitokeza. Daktari naye akipigiwa simu, video ya dakika moja humsaidia kuliko maelezo ya mtu mwenye hofu.

Kamera ina udhaifu mmoja: lazima mtu aitazame. Waya wake pia ufungwe juu, mbali na meno. Farasi hutafuna.

Farasi jike anayekaribia kuzaa

Hapa teknolojia inaweza kuokoa roho mbili, kwa hiyo nakaa kidogo. Mimba ya farasi huchukua siku 340 hivi, lakini hutofautiana sana, na wengi huzaa usiku. Tangu maji kupasuka hadi mtoto kutoka mara nyingi ni dakika 20 hadi 30 tu. Mtoto akikaa vibaya, au ukiona mfuko mwekundu unatokeza badala ya utando mweupe, kondo limeachia mapema na mtoto anakosa hewa. Mfuko huo hupasuliwa palepale huku daktari akipigiwa. Dakika kumi za kuchelewa zinatosha kumpoteza.

Kengele za kuzaa ni za aina mbili kuu. Ya kwanza hushonwa na daktari kwenye midomo ya uke, ikiwa na sumaku inayoachana mtoto anaposukuma kutoka. Haidanganyi mara nyingi, ila inalia wakati kazi imeshaanza na inahitaji kushonwa. Ya pili hufungwa kwenye hatamu au mshipi na kulia farasi akilala ubavu. Haina uchungu wowote, ila farasi jike mzito hujilaza ubavu hata akiwa anapumzika, na utaamshwa bure usiku baada ya usiku mpaka uanze kuipuuza. Mchanganyiko ninaoupendelea ni kamera pamoja na vipande vya kupimia maziwa, maana kalisi kwenye maziwa ya mwanzo hupanda kuzaa kunapokaribia. Vipande hivyo vinakuambia ni usiku gani wa kukesha, kamera inakuwezesha kukesha bila kumsumbua mama, ambaye akiona watu wengi huweza kuahirisha. Mimba ikiwa ya hatari, au mama aliwahi kupata shida, ongeza ile ya kushonwa.

Vipima mwendo

Programu ya Sleip kutoka Sweden huchambua video ya simu na kuonyesha mguu unaochechemea. Mfumo wa Lameness Locator hutumia vihisi vitatu, kichwani, kiunoni na kwenye mguu wa mbele. Vyote ni zana nzuri mikononi mwa daktari. Kwa mmiliki mpya, video ya kila wiki ya farasi akienda mbio ndogo kwenye ardhi ngumu na iliyonyooka, akija na akienda, inatosha. Atakapochechemea utakuwa na mwendo wake wa kawaida wa kulinganisha. Mshipi unaopima mapigo ya moyo waachie wanaofundisha mbio.

Siku ya kununua

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kabla ya fedha kutoka, skana ipite pande zote mbili za shingo mbele yako na mbele ya muuzaji, polepole, kutoka utosini hadi mabegani. Namba isomwe kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, ukiifuata kwenye pasipoti au cheti. Mchoro wa alama kwenye karatasi ulingane na farasi aliyesimama. Tarakimu moja ikitofautiana, simamisha biashara mpaka ieleweke kwa nini.

Asipokuwa na chipu, kubalianeni nani atalipia na iwekwe na daktari uliyemchagua wewe, kabla farasi hajapanda lori. Akiwa nayo, fomu ya kuhamisha umiliki ijazwe siku hiyohiyo na muuzaji aisaini akiwa bado anapokea simu zako. Wiki chache baadaye, itafute namba hiyo kwenye hifadhidata mwenyewe, uone jina lililopo ni lako na simu ni ile unayoitumia. Daktari akija kwa chanjo, mwombe aisome tena. Ni kazi ya nusu dakika. Ukibadilisha simu, badilisha na pale. Ukimuuza, mpe mnunuzi karatasi yote na uondoe jina lako. Akifa, toa taarifa pia ili namba ifungwe, isije ikatembea na pasipoti ya farasi asiyekuwepo.